Mtetezi wa Mtu Aliyebeba Mlango

Kwa muda mrefu niliamini, tena kwa moyo wangu wote pamoja na maini na figo, kwamba kitabu utakachokitetea mbele ya wafanyakazi wenzako ndicho kitakachosomwa siku ya kuzikwa kwako. Kizima. Kuanzia jalada mpaka ile bei iliyogongwa muhuri nyuma.

Aliyenieleza ni dereva wetu, siku yangu ya kwanza kazini, tukiwa njiani kwenda Biharamulo. Tulikuwa tumeondoka ofisini Nyamiaga alfajiri. Ukungu ulikuwa umejaa mabondeni kama maziwa yanayotaka kufurika, na vilele vya vilima vilielea juu yake bila miguu. Vilima vyetu vya Ngara vimebanana sana. Mtu akipiga chafya kwenye kilima hiki, wa kilima cha tatu anamwambia pole. Nilikuwa nimevaa shati jipya na nimekaa wima kama bwana harusi.

"Mdogo wangu," dereva akasema, "umeshafikiria utatetea kitabu gani?"

"Kutetea vipi, kaka?"

"Hujaambiwa?" Akanigeukia. Ni Msukuma, wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga wakaweka makazi Biharamulo, na huendesha gari kwa mkono mmoja ili ule mwingine ubaki huru kusimulia. "Unamjua marehemu mwinjilisti, yule aliyekuwa anakaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia?"

Nikasogea kidogo.

"Alitetea kitabu chake pale ofisini. Alipofariki, kule kwao Ntobeye, kikasomwa kando ya kaburi. Mstari kwa mstari. Watu kimya. Ng'ombe waliacha kula."

"Kitabu gani hicho?"

"Ha! Hayo hayaulizwi. Kumwuliza mwenzako kitabu chake cha maziko ni kumchimbia shimo angali anatembea. Wewe chagua vizuri, halafu funga mdomo."

Nikaufunga. Mimi ni msemaji, nikinyamaza nusu saa majirani hudhani nimehama. Lakini kwa jambo hilo nilinyamaza kama jiwe. Tukashuka kutoka vilimani, tukaingia nchi tambarare, msitu ukatupokea pande zote mbili, na mimi nikawa nautazama bila kuuona. Nilikuwa najiona nimelala ndani ya sanduku, mikono kifuani, nikisikiliza kurasa zikifunuliwa juu yangu.

Nieleze kwanza habari ya utetezi, maana desturi hii sijaiona kwingine. Huduma yetu ni ndogo: ofisi ya vyumba vinne, jiko la nje, stoo na gari moja ambalo likizima, sala huanza yenyewe. Tunatembelea wagonjwa, tunagawa mbegu za maharage, tunafundisha vikundi vya nyimbo. Na nyuma ya gari hukaa sanduku la mbao lililojaa vitabu. Gari likifika kijijini sanduku linashushwa, watu wanaazima, na zamu inayofuata wanarudisha. Mimi ndiye mtunza stoo, na sanduku liko chini yangu.

Kila mwaka, kabla ya masika, sanduku linamwagwa lote. Vitabu vipya vimeletwa, sanduku halitanuki, na mchwa nao hawajaokoka. Ndipo zinaanza Jumatano za utetezi. Kwenye chai ya saa nne mfanyakazi mmoja anasimama na kitabu kimoja anachokipenda kuliko vyote, anawaeleza wenzake kwa nini kirudi sandukuni. Mfanyakazi mmoja, kitabu kimoja. Kilichopata mtetezi kinarudi. Kisichopata kinashuka, kinagawiwa kwa yeyote anayetaka karatasi. Na karatasi ya kitabu, sote tunajua, ni ndugu wa damu wa karanga za kukaanga.

Sasa kulikuwa na kitabu kimoja mle ndani ambacho mimi nacho tunajuana tangu zamani.

Nilisoma nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Ilikuwa Nyakisasa, kwenye masomo ya jioni, ndani ya darasa la watoto wa shule ya msingi, magoti yangu yakiwa yamenyanyua dawati kama jeki. Jioni moja gari la huduma likaja na sanduku lake. Wenzangu wakakimbilia vitabu vinene, vya kuonekana navyo njiani. Mimi nikachukua chembamba kuliko vyote, hata jalada hakina, nikiwaza kwamba kikinishinda, aibu nayo itakuwa nyembamba.

Kilikuwa kisa cha mtu aliyenunua mlango kabla ya kuwa na nyumba. Mlango mzuri, wa mninga, una kitasa. Akaubeba kichwani akaenda kijiji hadi kijiji kutafuta nyumba itakayoutosha mlango wake. Kila anakopita wanamcheka. Jioni ikimkuta shambani anausimamisha mlango katikati ya mahindi, analala nyuma yake, na hakuna siku aliyolala bila kuufunga. Kuna mahali anarudi kutoka kuchota maji, anaukuta mlango wake umesimama kwenye mbalamwezi. Anagonga. "Hodi!" Anazunguka upande wa pili: "Nani?" Anarudi: "Mimi." Anazunguka tena: "Mimi nani?" Basi hapo anashindwa kujieleza, na kwa kuwa si mtu wa kumfungulia mgeni asiyejitambulisha, anajiacha nje mpaka asubuhi.

Nilicheka mpaka mwalimu akadhani nimepatwa na degedege. Kisha nikaendelea kusoma, njiani, nikichunga mbuzi wa mama, nikinyeshewa, na siku nilipofika ukurasa wa mwisho nilikaa nimekishika kwa viganja viwili kama mtu aliyeokota kifaranga. Kilikuwa kitabu changu cha kwanza kukimaliza maishani. Usiku ule na siku nyingi zilizofuata niliota milango imesimama kwenye vilima vyote, kutoka Nyakisasa mpaka mtoni, mmoja kila kilima, na ukungu unapita chini yake bila kubisha. Baada ya hapo hakuna karatasi iliyopona mbele yangu. Nilisoma hata maelekezo ya dawa za kuogesha mifugo, nikayaona matamu.

Mtunza stoo aliyenitangulia ndiye aliyekuwa akikitetea kitabu kile kila mwaka. Kumbe ndiyo maana kiliweza kunifikia. Lakini alikuwa ameacha kazi na kuhama, kwa hiyo mwaka ule kitabu kilibaki yatima. Nisipokitetea mimi, kinashuka. Na nikikitetea, nitazikwa nacho.

Hebu niambie, wewe ungefanyaje? Nilimwona mchungaji wetu ameinama juu ya kaburi langu, akisoma kwa sauti yake nzito: "Hodi. Nani? Mimi. Mimi nani?" Na mimi niko ndani ya sanduku! Nilisikia kicheko kikianzia kwa waimbaji, kikaenda kwa majirani, kikawafika wachimba kaburi wakashindwa kushika majembe. Na mama yangu katikati yao, khanga mdomoni.

Jumatano zikaanza, na kila utetezi kwangu ukawa msiba.

Alitangulia mhasibu wetu, dada mmoja mkavu wa maneno, husema yale tu ambayo angekubali kuyatilia sahihi. Alitetea kitabu cha ufugaji wa kuku. "Kinasema ukweli," akasema, akakaa. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi machozi yakanilenga. Niliona umati mweusi wa waombolezaji, na sauti ikiwasomea jinsi ya kuwachanja kuku kideri kwa tone moja jichoni. Jasiri gani huyu, nikawaza, asiyejali.

Akafuata mama mpishi, mwenyeji wa hapa hapa Nyamiaga, anayepakua mapenzi na maharage kwa pamoja. Kitabu chake kilihusu watu wanaoishi melini miezi mizima.

"Mimi bahari sijaiona," akasema, "na sina mpango. Lakini jamani, maji mengi namna ile, pande zote, na hakuna hata mgomba mmoja! Nikisoma kidogo kabla ya kulala, kitanda changu kinaanza kuyumba. Mzee wa nyumbani kwangu ananiuliza, unashikilia nini? Namwambia tulia baba, tumetoka bandarini."

Tukacheka sana. Mimi nikaona jeneza lake likienda taratibu juu ya ukungu wa bonde, likiyumba, bila kuzama. Msiba wake ulikuwa mzuri. Nilimwonea wivu.

Dereva alitetea kisa cha mzee aliyetembea nchi nzima akimtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Alipofika mahali ng'ombe anapoitika kutoka ng'ambo ya mto, sauti ikamkatika.

"Msukuma analilia ng'ombe wa kwenye karatasi!" mama mpishi akamtania.

"Wewe mama, si afadhali mimi? Wewe unatapika kwa bahari ya kwenye karatasi."

"Mwambie huyo ng'ombe arudi upesi, nimeshabandika sufuria."

Naye mchungaji, kiongozi wetu, alitetea kitabu cha mahubiri kinene kiasi kwamba ukikiweka nyuma ya gurudumu gari halirudi nyuma mlimani. Nikapiga hesabu ya kichwa: huyu ataanza kuzikwa Jumanne, atamaliza Ijumaa, na wachimba kaburi watakuwa wameshaota mvi.

Ikabaki zamu yangu, ya mwisho. Jumapili kabla ya hapo nikaenda Nyakisasa kumwamkia mama. Nilimkuta uani anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Sikuwa nimekonda, mama husema hivyo hata kwa mlima. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili.

"Mama, hivi watu wakicheka msibani, ni kitu kibaya sana?"

Kisu chake kikasimama. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Nani anaumwa?"

"Mama, nauliza tu."

"Msiba hauulizwi tu. Umekwenda hospitali? Wamekupima nini?"

"Mimi mzima kabisa, mama. Nawaza tu, siku moja, watu wamekusanyika, halafu wakacheka."

Akaendelea kumenya, ganda likitoka refu bila kukatika. "Siku ya baba yako," akasema, "kuna mtu alicheka. Mmoja tu. Sijui alikumbuka nini. Mpaka leo tukikutana sokoni napita upande wa pili, kule kwenye dagaa, na dagaa sili." Akatupa ndizi sufuriani. "Usiniulize tena habari hizo. Kula, umekonda."

Nikarudi Nyamiaga nimeshaamua. Nilichagua kitabu kingine kutoka sandukuni, cha heshima, kuhusu faraja. Kina jalada la buluu na picha ya njiwa. Nilikisoma jioni ya Jumapili, nikalala. Nikakisoma Jumatatu, nikalala kabla ya kufika pale nilipolala Jumapili. Lakini kilikuwa cha heshima, hilo huwezi kukinyima. Kwa kitabu kile hata adui zangu wangesimama wima. Mtu wangu wa mlango nikamhamishia kwenye boksi la vinavyoshuka. Nilimlaza chali, juu kabisa, asibanwe. Halafu nikakumbuka kwamba nakala hii ni ya pili, ile ya kwanza bado iko mikononi mwa mtu Ntobeye, tangu mwezi uliopita. Nayo italazimika kushuka ikirudi.

Kesho yake, Jumanne, gari lilikuwa na zamu Ntobeye. Tulifika ukungu ukiwa haujanyanyuka, na watu walitokea ndani yake mmoja mmoja, kwanza sauti, halafu kitabu, halafu mtu. Akaja mama mmoja wa makamo, jembe begani, kitabu changu kifuani amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilimjua, anasoma masomo ya jioni kama nilivyosoma mimi, na zamu iliyopita alikuwa amenionyesha jinsi anavyofuata mstari kwa kidole.

"Nimekimaliza!" akasema hata kabla ya salamu. "Nimekimaliza mwenyewe, kidole nimekitoa ukurasa wa ishirini!"

"Hongera, mama! Umekionaje?"

"Yule mtu ni mwendawazimu." Akacheka, akashusha jembe chini. "Mume wangu sasa akirudi jioni akapiga hodi, namwuliza, mimi nani? Anakasirika huyo! Sikiliza, baba. Jirani yangu nimemsimulia nusu, mwisho nimemkatalia. Naye anajua kusoma kidogo kidogo, anasuasua. Nimemwambia mwisho akausome mwenyewe. Leo yuko kwa mgonjwa. Umletee zamu ijayo, tafadhali. Amekwisha kukosa usingizi."

"Zamu ijayo," nikasema, "sanduku litakuwa limebadilishwa kidogo."

"Libadilisheni. Kitabu mlete."

Akaweka jembe begani akarudi kwenye ukungu, na kwa muda nilisikia kicheko chake tu, kinapanda kilima peke yake.

Njia nzima ya kurudi nilitazama dirishani. Dereva akaniangalia mara kadhaa, akaniuliza kama nimekula kitu kibovu. Mimi nilikuwa naona mlango umesimama katikati ya shamba la mtu Ntobeye, na mwanamke nisiyemjua anaunyoshea mkono, anataka kugonga, na mlango unafifia. Ninaweza kuongeza chumvi katika mambo mengi, lakini hili naliandika kama lilivyokuwa: kifua kiliniuma. Nikampima yule jirani upande huu, na kaburi langu na mama yangu upande ule. Tulipoanza kupanda kuelekea Nyamiaga nilikuwa nimeshampa mama pole kimoyomoyo, nimeshampangia hata njia ya kupita sokoni ili asikutane na watu.

Jumatano saa nne mama mpishi akamimina chai. Nikasimama. Mkononi sikuwa na njiwa wa buluu.

"Hicho hakina jalada," mchungaji akasema.

"Baridi hakisikii, Mchungaji." Nikaanza. Nikaeleza darasa la jioni, dawati na magoti. Nikaeleza mtu na mlango wake. Nilipofika kwenye hodi sikuweza kusoma nimesimama mahali pamoja, nikafungua mlango wa stoo na kuanza kuuzunguka: hodi huku, nani kule, mimi huku, mimi nani kule. Mama mpishi akaweka birika chini. Dereva akalalia meza, mabega yakimtikisika. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mhasibu alitazama chai yake, lakini kikombe kilikuwa kinagonga kisahani.

"Kuna mama yuko Ntobeye anakingoja," nikamaliza, "anataka kuusoma mwisho mwenyewe. Ninaomba kirudi, nakala zote mbili."

"Kimetetewa," mchungaji akasema, sauti imemkauka kwa kicheko. "Kirudi."

Ningekaa hapo, mambo yangekwisha. Lakini nilijiona mtu mkubwa, mtu aliyekwisha kulipa, nami sikuweza kuuacha wakati ule upite bila hotuba. Nikanyanyua mkono.

"Na ndugu zangu, siku ile ikifika, chekeni tu. Nimeshawasamehe. Chekeni mpaka wachimba kaburi washindwe. Ila ninaomba mmoja wenu akae karibu na mama yangu."

Kicheko kikakatika.

"Siku gani, mwanangu?" mama mpishi akauliza.

"Ya kunizika. Mtakapokuwa mnakisoma."

Wakatazamana. Dereva akawa ghafla na kazi kubwa ya kutafuta kitu chini ya meza. Nikalazimika kueleza yote: marehemu mwinjilisti, kaburi la Ntobeye, mstari kwa mstari, ng'ombe walioacha kula. Nilieleza nikiwa bado nimeshika mlango wa stoo.

Mhasibu akanywa funda, akaweka kikombe.

"Kaka," akasema, "mimi nilikuwepo. Mvua ilinyesha, gari la mchungaji likakwama topeni, watu wakakaa chini ya turubai wakisubiri. Kitabu kilikuwa changu, nilikuwa nacho kwenye pochi, nikawasomea ili muda uende. Marehemu yeye alitetea kamusi. Mtu akifa tunamsomea Maandiko, tunamzika, tunarudi nyumbani. Funga mlango, baridi inaingia."